Pepo wa njia ya misafara: Alichokiona Hans Cory katika Unyamwezi, na funzo lake kwa nyumba zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa vinavyoonekana na visivyoonekana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, lipo swali ambalo katika nyumba zetu huulizwa usiku. Binti aliyekuwa mzima wakati wa chakula ameanguka ghafla. Macho yamegeuka, meno yameumana, viungo vinatetemeka. Mama anapiga kelele, majirani wanaingia, na katika dakika chache tu chumba kimejaa maneno. Mmoja anasema hilo ni jini la baharini. Wa pili anasema ni mizimu ya upande wa baba. Wa tatu hasemi kwa sauti, lakini anamtazama kwa jicho la pembeni bibi kizee wa nyumba ya pili. Binti mwenyewe yupo sakafuni, wala hakuna aliyemwekea hata kanga chini ya kichwa.

Makala ya Ijumaa ya leo inahusu usiku wa namna hiyo. Tutaupitia kwa njia ya mbali kidogo, kwa kufuata kazi ya mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika habari za pepo, mizimu na vyama vya siri katika nchi yetu, hususan katika Usukuma na Unyamwezi. Mtu huyo ni Hans Cory. Hakuwa Mwislamu, wala hatumleti hapa ili atufundishe dini. Tunamleta kwa sababu aliona jambo ambalo wengi wetu, pamoja na imani yetu, hatulioni.

MJI ULIOJENGWA KWA MIGUU

Hatuwezi kufahamu pepo wa Tabora bila ya kuifahamu njia iliyoleta watu Tabora. Kabla ya reli, barabara kuu ya nchi hii ilikuwa njia ya miguu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kituo chake kikubwa cha bara kilikuwa Kaze, mahali ambapo leo tunapaita Tabora. Richard Burton na John Speke walipofika hapo Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga nyumba za tembe na kupanda bustani. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, na Burton mwenyewe alimsifu kwa ukarimu na elimu.

Waliobeba biashara ya njia hiyo vichwani na mabegani walikuwa hasa Wanyamwezi. Walikwenda pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Pamoja nao walipita watumwa, ambao machozi yao hayakuandikwa katika daftari la tajiri yeyote. Safari ya kutoka pwani hadi Unyanyembe ilichukua miezi, si siku. Msafara ulikuwa na kirangozi wake mbele, ngoma zake na dawa zake, na mara nyingi mganga aliyeulizwa siku njema ya kuondoka. Mtu aliyefika salama alikuwa amevuka njaa, ndui, vita na nyika zisizo na maji.

Basi, ndugu msomaji, watu wanaposafiri hawasafiri na mizigo tu. Husafiri na sala zao, nyimbo zao, vyakula vyao na hofu zao. Uislamu uliingia bara kwa njia hii, ukashika mizizi Tabora na Ujiji. Kwa njia hiyo hiyo ziliingia habari za pepo wa pwani. Ukitazama majina ya pepo wanaotajwa katika pwani na visiwa, utaona kama daftari la wageni wote waliowahi kupita: wako pepo wa Kiarabu waitwao ruhani, wako wa Kihabeshi, wako wa Kibuki kutoka Bukini, wako wa Kimasai, na wako hata wa Kizungu. Kila kabila lililokuja kwa biashara, kwa vita au kwa utumwa liliacha kivuli chake katika ngoma ya pepo.

Katika mwisho wa njia, Ujiji, mtafiti Sheryl McCurdy aliandika habari za wanawake wa Kimanyema na ngoma yao ya pepo aitwaye kitimiri. Sauti ya jina hilo humkumbusha msomaji wa Qur'an neno qitmir, yaani utando mwembamba unaofunika kokwa ya tende. Neno hilo limo katika Suratu Fatir, aya ya 13, pale Mola wetu anapotufahamisha kwamba wale wanaoombwa badala Yake hawamiliki hata utando huo. Tulihifadhi neno hili, tutalirejea.

ALIYETANGULIA: MTORO WA BAGAMOYO

Si haki kumtaja Cory bila ya kumtaja aliyemtangulia. Mwaka 1903 kilichapwa Ujerumani kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten. Sehemu kubwa ya maneno yake yalitoka katika kalamu ya Mwislamu mmoja, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwalimu aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Katika kitabu hicho, pamoja na habari za ndoa, mazishi, jando na safari za bara, zimo habari za pepo na waganga wao. Mtoro aliandika kama mtu anayeeleza mambo ya nyumbani kwake: bila kejeli, bila kutisha, na bila kumtukana mgonjwa.

Yeye mwenyewe alionja ukali wa dunia. Alioa mwanamke wa Kijerumani, na alipotaka kurudi nyumbani naye mwaka 1905, wakuu wa koloni hawakumruhusu kushuka naye. Akarejea Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Mtu wa mwanzo wa njia ya misafara akazikwa mbali na njia yake. Lakini aliacha mfano: jambo linaloogopwa linaweza kuandikwa kwa utulivu.

MTU WA VIENNA KATIKA NGOMA

Hans Cory alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, kwa jina la Hans Koritschoner. Aliishi Tanganyika kwa miongo mingi na kuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Wanasheria wetu wanamjua kwa vitabu vyake vya sheria za mila: za Wahaya alizoandika pamoja na M. M. Hartnoll mwaka 1945, na za Wasukuma mwaka 1953. Wapenzi wa ushairi wanamjua kwa mkusanyo wake wa mashairi ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1962, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lakini upo upande wake mwingine. Mwaka 1936, akitumia bado jina lake la Koritschoner, alichapisha katika jarida la wataalamu la Uingereza makala juu ya ngoma ya shetani. Ndani ya kichwa chake mlikuwa na hoja nzima, kwani aliiita ngoma hiyo tiba ya wenyeji kwa maradhi ya nafsi. Tufikirie uzito wa jambo hilo kwa zama zile. Burton na wasafiri wengi waliomfuata waliona ngoma za pepo wakacheka, au wakachukizwa. Wamisionari waliona ushetani mtupu. Huyu alikaa, akatazama, akauliza swali jingine: mwanamke huyu aliyeletwa hapa anaumwa nini, na kwa nini baadhi yao huondoka wakiwa na nafuu?

Miaka kumi baadaye, mwaka 1946, alitoa habari za Buyeye, chama cha siri cha wacheza nyoka wa Usukuma. Mwaka 1955 akatoa katika jarida la Marekani makala ndefu juu ya Buswezi, na hapo ndipo anapoingia barabara katika nchi yetu ya Unyamwezi na majirani zake.

BUSWEZI: MGONJWA ANAPOPEWA WATU

Buswezi ni chama cha pepo kilichoenea miongoni mwa Wasumbwa, Wasukuma na Wanyamwezi. Kiini chake ni Lyangombe, ambaye masimulizi yake yanajulikana hadi Buha, Burundi na Rwanda: mwindaji mkubwa wa zamani aliyeuawa na mnyama porini, kisha akatukuzwa na watu kama mkuu wa pepo. Kama vile pepo wa pwani walivyopanda bara na misafara, huyu alishuka kutoka nchi za maziwa. Tabora ikawa njia panda ya watu, na pia njia panda ya pepo.

Mtu hakuingia Buswezi kwa kupenda ngoma tu. Aghalabu ilianza kwa maradhi au msiba: mwanamke asiyeshika mimba, mtu anayekonda bila ya sababu, nyumba inayozika mtoto baada ya mtoto. Familia ilikwenda kwa mfumu, mpiga ramli wa Kinyamwezi, naye akasema kuwa mgonjwa anatakiwa na pepo, na dawa yake ni kuingizwa chamani. Hapo zilifuata siku za mafunzo, ada, vyakula, ngoma za usiku, maneno ya siri na jina jipya. Aliyeingia alikuwa mgonjwa mpweke. Aliyetoka alikuwa mwanachama mwenye wakubwa wake, wadogo zake na wenziwe wa kumzika siku yake ikifika.

Hapo ndipo penye maana ya kazi ya Cory kwetu. Hakuna haja ya kusadiki kuwa Lyangombe alimponya mtu. Mwislamu hasadiki hivyo. Lakini tukiisoma habari yake kwa makini, tunaona dhahiri ni kitu gani mgonjwa alikipata katika ngoma ambacho nyumbani kwake hakukuwako. Alipata watu wa kukaa naye usiku. Alipata wa kumsikiliza akisema kwa kinywa cha pepo yale ambayo kwa kinywa chake mwenyewe asingethubutu kuyasema: kwamba mume hamjali, kwamba mke mwenza anamtesa, kwamba amechoka. Alipata chakula kizuri na nguo mpya. Kwa muda wa siku chache, aliyekuwa wa mwisho katika nyumba akawa wa kwanza.

Tusimpambe Cory kupita kiasi. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na serikali ile ilitaka kuwajua watu ili iweze kuwatawala. Alitazama dini za watu kwa jicho la mtu wa nje. Hata hivyo alitenda uadilifu mmoja: kabla ya kuhukumu, alitazama.

FUNZO KUTOKA JAPANI

Mjadala huu haukuwa wa kwetu peke yetu. Katika Japani ya karne ya 19, nchi iliyojaa masimulizi ya mazimwi, mbweha wanaogeuka watu na viumbe wa mito, alitokea mwanafalsafa aitwaye Inoue Enryo (1858–1919). Alianzisha mwaka 1887 shule ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Toyo, akazunguka nchi yake akichunguza habari za mazimwi na kuwaonyesha watu kwamba nyingi ni uongo, makosa ya macho au mchezo wa nafsi. Lakini hakusema kuwa hakuna siri yoyote. Alisema kwamba tukishaondoa siri za uongo, ndipo itakapobaki siri ya kweli, ile isiyofikiwa na akili ya mwanadamu.

Baada yake akaja Yanagita Kunio, aliyetoa mwaka 1910 mkusanyo wa masimulizi ya eneo la Tono. Yeye hakutaka kung'oa, alitaka kuhifadhi. Na katika kuhifadhi huko yalijitokeza mambo ya kutisha kuliko zimwi lolote. Imo habari ya mtoto mchanga aliyezaliwa na umbile lisilo la kawaida. Wakasema ni mtoto wa kappa, kiumbe wa mtoni, wakamwua. Msomaji akifunga kitabu haogopi tena kiumbe wa mtoni. Anawaogopa waliokuwa na kisu.

Tusidhani ya kuwa hayo ni ya Japani tu. Tangu miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu wenyewe, hasa kanda za ziwa na magharibi, imeona watoto na watu wazima wenye ualbino wakiuawa au kukatwa viungo kwa imani kuwa viungo vyao huleta utajiri. Hapakuwa na jini pale. Palikuwa na mganga, mnunuzi na panga.

DINI INASEMAJE

Sasa tuje kwenye mizani yetu. Mwislamu hakanushi kuwapo kwa majini. Qur'an inatufahamisha kuwa waliumbwa kwa moto, kwamba wao na sisi tumeumbwa ili tumwabudu Mwenyezi Mungu, na kwamba miongoni mwao wamo wema na wasio wema. Anayesema kuwa majini ni hadithi za vibibi amekanusha Kitabu.

Lakini Kitabu hicho hicho kimewawekea majini mipaka yao. Katika Suratul Jinn, aya ya 6, tunaelezwa kuwa walikuwapo wanadamu waliotafuta hifadhi kwa majini, na matokeo yake hayakuwa hifadhi bali kuzidishiwa mashaka. Katika Suratu Saba', aya ya 14, tunapewa habari ya Nabii Suleiman (A.S.): alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea kufanya kazi ngumu wakidhani yu hai, hadi mdudu wa ardhini alipoila fimbo ile naye akaanguka. Hapo ikabainika kwamba lau wangeijua ghaibu wasingebaki katika adhabu ile. Ndugu msomaji, kiumbe ambaye hakujua kuwa aliye mbele ya macho yake amekufa, atawezaje kumjulisha mganga wa mtaani kwako ni nani aliyemroga mwanao? Hapa ndipo tunapolirejea lile neno la qitmir. Hawamiliki hata utando wa kokwa.

Juu ya maradhi ya kuanguka, wanazuoni wetu hawakuwa na pupa. Imamu Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliyagawa maradhi hayo katika mafungu mawili: moja litokalo kwa pepo wabaya, na jingine litokalo katika mwili wenyewe, ambalo akaeleza kuwa ni kazi ya matabibu. Mwanachuoni mkubwa wa karne ya 14, asiye na hospitali ya vipimo, alifungua mlango wa tabibu. Itakuwaje sisi wa leo tuufunge?

Na ipo hadithi ya Bukhari na Muslim ambayo inafaa kusomwa katika kila nyumba yenye mgonjwa wa kifafa. Mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa huanguka, na anapoanguka nguo humfunuka. Mtume akamkhiyarisha: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Mwanamke akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke, naye akaombewa. Tazama adabu iliyomo. Mtume hakumwuliza jina la jini lake. Hakumtaja jirani. Alimsikiliza, akampa hiari, akamhifadhia sitara yake. Na sahaba Ibn Abbas (R.A.) akamwonyesha mwanafunzi wake mwanamke huyo kama mtu wa Peponi, si kama mtu wa kukimbiwa.

GHARAMA YA KUKOSEA

Kukosea katika jambo hili si kosa la elimu tu. Kuna roho zinazopotea.

Chukua degedege la watoto. Jina lenyewe linatokana na ndege, kwa kuwa wazee wengi waliamini kuwa ni pepo anayekuja kwa umbo la ndege. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulieleza namna wazazi wengi walivyoanza kwa tiba za kienyeji mtoto anapopata degedege, wengine wakiogopa kwamba sindano itamwua. Madaktari wanatueleza kuwa mtoto mwenye homa kali na degedege anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, na hiyo huua kwa muda mfupi. Kila saa inayotumika kufukiza ni saa iliyochukuliwa katika umri wake.

Chukua kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana maradhi hayo, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangegunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Hapa nchini, daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa huko Mahenge kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta watu waliotengwa hadi kula peke yao, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni waliokuwapo waliogopa kuwagusa. Vidonge vya bei nafuu viliwarudisha wengi wao katika jamii.

Chukua, mwisho, lile jicho la pembeni. Mtafiti wetu Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kwa kina juu ya mauaji ya wanaoitwa wachawi katika Usukuma. Katika hesabu za serikali alizozieleza, kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa visa vya uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa katika mikoa yenye Wasukuma. Baadhi ya vikongwe walishukiwa kwa macho mekundu. Macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka mingi ya kuwapikia wanao na wajukuu. Ray Abrahams, aliyeifahamu Unyamwezi tangu miaka ya 1950, alionyesha pia jinsi sungusungu, walioibuka miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walivyoingia baadhi ya mahali katika kuwasaka wachawi.

Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa ndani yake. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli baada ya mauaji ya wenye ualbino. Lakini sheria haikai chumbani kwako usiku ule binti anapoanguka. Anayekaa ni wewe. Ramli chonganishi haina nguvu mpaka apatikane mtu mmoja katika familia wa kuiuliza. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya, katika hadithi ya Muslim, kuwa anayemwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, sala yake ya siku arubaini haikubaliwi.

TUFANYE NINI

Wapo watakaosema: sisi tumekwisha kuacha ngoma, tunasoma ruqya. Ni vyema. Kumsomea mgonjwa Qur'an ni sunna, na kila Mwislamu anaweza kumsomea mwanawe Al-Faatiha, Ayatul Kursiy na sura tatu za mwisho bila ya kulipa shilingi. Lakini tumeona ruqya nayo ikigeuzwa biashara, pakaitishwa kuku wa rangi fulani, pakatajwa majina ya majirani, na pengine mgonjwa akapigwa fimbo kwa madai kuwa anayeumia ni jini. Hiyo ni ramli iliyovikwa kanzu.

Usiku ule unapofika, yafanyike haya. Aliyeanguka alazwe kwa ubavu, kichwa chake kiwekewe kitu laini, aondolewe karibu na moto na vitu vya kumwumiza, wala asitiwe kijiko wala kidole kinywani. Afunikwe, asitiriwe, watoto na watazamaji watolewe. Asomewe kwa sauti ya chini. Tetemeko likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, au ikiwa ni mtoto mwenye homa, apelekwe hospitali mara moja, usiku huo huo, si baada ya shauri la familia. Na aliyeanza dawa za kifafa asiziache kwa kuambiwa na yeyote isipokuwa daktari.

Kisha baada ya usiku huo ianze kazi ambayo Cory ametufumbua macho nayo. Ikiwa ngoma ilimpa mgonjwa watu, sisi tulioikataza ngoma tumempa nini mahali pake? Tumemwambia mwanamke wa Kiislamu kuwa ngoma ya pepo ni shirki, na tumesema kweli. Lakini tukamwacha na huzuni ile ile, katika chumba kile kile, na mume yule yule asiyemsikiliza. Haishangazi akirudi ngomani kwa siri. Hakufuata pepo, amefuata mtu wa kumwuliza hali.

Na dini yetu imeamrisha hayo yote tuliyoyaacha yachukuliwe na chama cha pepo. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe. Kumlisha, kumsikiliza, kukaa naye, kuzungumza na mume kwa upole, kumpatia nauli ya kliniki, ni ibada. Akina mama wa msikiti wapange zamu kwa mwenzao aliyefiwa na mtoto, kama wanavyopanga zamu za maulidi. Imamu aulize katika hutuba si nani mchawi, bali nani mgonjwa ambaye hajatembelewa wiki hii.

Leo ukipita katika kandokando za Tabora utaona bado miembe ya kale ya njia ya misafara. Treni ilifika mjini hapo mwaka 1912, na wapagazi wakaacha kupita. Pepo waliokuja nao hawakuondoka na treni, kwa sababu hawakuishi katika njia. Wanaishi pale penye mgonjwa asiye na mwenziwe.

Basi usiku ule ukikufikia, na chumba kikajaa maneno, wewe uwe mtu wa kwanza kuinama, ukaiweka kanga chini ya kichwa cha binti.

Wallahu aalam.